Bandama ya Ngamia Asiyezaliwa

Nairobi,
Jumapili, 11 Februari 1973

Kwa Nyanya yangu Nyamoita, mke mwenzangu,

Bochaberi, wifi yangu, kabla hujaanza kumsomea Nyanya barua hii, funga mlango. Umeshafunga? Haya.

Nyanya, hujambo? Na goti lako je? Mimi ni mzima, ila mikono yangu inanuka fomalini, ile dawa ya kuzuia nyama isioze, na sabuni ya kipande imeshindwa nayo kabisa. Juzi wakati wa chakula wenzangu wakahama meza. Nikawaambia hameni tu, na ugali wenu uacheni hapa.

Kaka yangu Andrew aliniambia unauliza ninasoma nini hasa mwaka huu wa mwisho. Nitakuambia wewe peke yako. Ninasoma ngamia. Hujapata kumwona, kwa sababu Kisii nzima hakuna hata mmoja. Ni mnyama mrefu, mwenye nundu mgongoni, wa kule kaskazini kwenye jua kali. Nje ya mji kuna machinjio ambako huletwa kwa lori. Mara nyingine jike huchinjwa kumbe alikuwa na mimba, na wachinjaji hukitupa kile kijusi. Mimi ndiye ninayekisubiri hapo na ndoo yangu.

Ninachotafuta ni bandama. Ya ng'ombe unaijua, ile nyama bapa, nyekundu iliyokoza, iliyolala ubavuni kwenye tumbo kubwa. Nataka kujua bandama ya ngamia inaanza lini akiwa bado ndani ya mama yake, inaanza na sura gani, na inakuaje mpaka azaliwe. Halafu ujue kwamba ngamia hubeba mimba miezi kumi na mitatu. Wewe uliyekuwa ukilalamikia tisa!

Mwalimu mmoja alinicheka. Binti wa Kisii na ngamia, wapi na wapi? Nikamwambia kwamba bandama ya ng'ombe imeandikwa na watu mpaka imechoka. Katika maktaba yetu, bandama ya ngamia ambaye hajazaliwa nimeikuta kwenye mstari mmoja tu. Mimi nataka kuiandikia kitabu. Akaacha kucheka.

Sasa siri. Tata, mwanao, anajua ninasoma ng'ombe, na naomba aendelee kujua hivyo. Kwanza, mambo ya matumbo ya uzazi binti hamwandikii baba yake, chinsoni, ile heshima yetu ya kuoneana haya, hairuhusu, ningekufa kwa aibu na yeye angekufa kabla yangu. Pili, wewe unajua jinsi sisi wa Sabato tunavyomhesabu ngamia: najisi, tena ametajwa kwa jina. Mzee wa kanisa mwenye binti anayeshika mizoga ya ngamia atakaa wapi? Lakini kwako ninasema lolote. Ndiyo raha ya kuwa na nyanya ambaye kwa utani ni mke mwenza.

Mjukuu wako mkaidi,
Kemuma


Nyaramba,
4 Machi 1973

Kemuma, mke mwenzangu,

Mimi Nyamoita nasema kwa lugha yetu, Bochaberi anaandika kwa Kiswahili kwa sababu anasema ndicho alichofundishwa kuandikia barua. Akikosea ni yeye.

Mlango tuliufunga. Tulicheka mpaka baba yako akagonga kuuliza kuna nini. Nikamwambia ni mambo ya wanawake, akakimbia kama kuku.

Kwa hiyo unapasua. Mbona sishangai? Babu yako alikuwa omobari. Ninyi mliozaliwa kanisani hamkuambiwa, lakini watu walitoka Nyamache mpaka Nyakoe kumletea wagonjwa wa kichwa, waliopigwa rungu au kuanguka, wakiumwa miezi bila kulala. Alikuwa anafungua ngozi, anakwangua mfupa polepole mpaka maumivu yanapata pa kutokea, kisha anafunika. Mimi nilikuwa nashika kichwa kati ya magoti yangu. Nimeshika vingi. Kimoja nitakuambia habari zake siku moja, si leo, maana Bochaberi ana masikio.

(Ni kweli ninayo. Bochaberi.)

Huyo ngamia mimi simwogopi. Ila sikiliza. Bochaberi ataenda kwao Nyamache kujifungua mwishoni mwa Mei. Usiniandikie mambo hayo mpaka arudi, kwa sababu hapa nyumbani msomaji mwingine ni baba yako.

Miezi kumi na mitatu! Pole yake huyo mama.

Nyanya yako,
Nyamoita


Nairobi,
Jumapili, 6 Mei 1973

Mke mwenzangu mpendwa,

Naandika haraka barua hii iwahi kabla Bochaberi hajaenda kwao. Nimefurahi mno siwezi kungoja mpaka arudi na mtoto.

Nina vijusi kumi na vinne sasa! Kila kimoja nakipima urefu kutoka utosi hadi matako, ndivyo tunavyokisia umri wake. Kisha nafungua tumbo, naitoa bandama, naichora. Nyingine naigandisha ndani ya nta na kuikata vipande vyembamba, vyembamba kuliko ganda la kitunguu, na kuvitazama kwa darubini. Nyanya, laiti ungeona! Kwa wale wakubwa imeshapinda kama mundu. Kwa wadogo ni kijipande tu kimeshikwa na utando wa tumbo, na hata hivyo tayari kina kazi, kwa sababu ndani yake naona damu changa ikitengenezwa. Kitu ambacho hakijazaliwa kinafanya kazi kuliko shemasi Ondieki!

Nimekuwekea picha moja niliyochora. Huyu ni wa nane. Tazama alivyojikunja ndani ya tumbo la uzazi, na kondo lake pembeni.

Shida yangu ni moja. Mdogo kuliko wote niliye naye tayari ana bandama. Sijampata yule ngamia mdogo kabisa wa kunionyesha ile siku inapoanza. Bila yeye kazi yangu haina mwanzo. Niombee machinjio yamlete. Sijui kama watu huombea kitu kama hicho, lakini wewe niombee.

Na Tata je? Bado anawaambia watu sokoni kwamba binti yake ni bingwa wa ng'ombe? Maskini. Usimwambie.

Wako,
Kemuma


Nyaramba,
Jumapili, 20 Mei 1973

Kwa binti yangu Kemuma,

Salamu katika jina la Bwana.

Barua yako ya tarehe 6 nimeipokea. Haikuwa yangu. Bochaberi alijifungua kabla ya wakati, mtoto mvulana, wote wazima, wako kwao Nyamache. Jana baada ya ibada mama yangu alinipa bahasha akasema nimsomee barua ya mke mwenzake. Nadhani goti lilikuwa limemsumbua akasahau. Nilikuwa na wageni, shemasi Ondieki na mkewe Persis, chai imeshamiminwa. Nikaanza kusoma kwa sauti.

Nilisoma mpaka pale ulipoandika unapima kutoka wapi hadi wapi. Neno la mwisho lilinitoka mdomoni mbele ya mke wa shemasi. Chinsoni unaijua. Sijui kama nitaweza kumtazama Persis usoni tena.

Nilipokuwa nakunja barua, picha ikaanguka. Ondieki akaiokota. Akaniuliza, "Huyu ni mtoto wa nani?" Akadhani ni wa binadamu. Akadhani binti yangu Nairobi anapasua watoto wa watu. Ilinibidi nisome mpaka mwisho kimoyomoyo, nimwambie ni wa ngamia. Kisha nikatamani ningemwacha na dhana yake ya kwanza, maana alisimama akasema, "Najisi, mzee Manasseh. Na wewe unajua."

Na pale ulipomtaja Ondieki sikumsomea.

Kwa miaka minne nimesema ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe. Nimesema sokoni, nimesema kwenye mimbari. Umenifanya mwongo bila mimi kujua. Hilo linaniuma kuliko ngamia.

Ondieki amepeleka jambo hili mbele. Mkutano wa kanisa utakaa Jumapili tarehe 19 Agosti. Andika barua kwamba umeacha kazi hiyo na umerudi kwa ng'ombe, jina lako litabaki. Usipoandika, litafutwa kwenye daftari la washirika. Karani wa kanisa ni mimi, unajua hivyo. Kalamu iko mkononi mwangu, na nikiambiwa nifute, nitafuta.

Ni mimi baba yako,
Manasseh Ombui


Nairobi,
Jumapili, 3 Juni 1973

Mpendwa Tata,

Kwa uongo naomba msamaha, na naomba kwa moyo wote. Ulistahili kuambiwa. Nilikuogopa, nikajificha nyuma ya chinsoni na nyuma ya Nyanya. Kwa neno lile pia nisamehe, halikuandikwa kwa macho yako.

Kwa ngamia siombi msamaha.

Mwambie shemasi Ondieki ayafungue Maandiko palepale anapopenda kuyafungua, asome asiishie njiani. Anayegusa mzoga wake atakuwa najisi mpaka lini? Mpaka jioni, Tata. Si mpaka mkutano wa Agosti. Si mpaka kufa. Mimi kila jioni ninaoga na kufua koti langu. Ijumaa ninatoka maabara jua likiwa bado juu ili Sabato inikute safi. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma kwa kidole mpaka mwisho wa mstari, sasa mbona mstari huu tuuache katikati?

Sijamla ngamia. Sitamla. Nataka kujua amefanywa vipi na Yeye aliyemfanya. Kama ni dhambi kutazama kazi ya Mungu kwa karibu, basi na darubini zifutwe kwenye daftari.

Kule kaskazini ngamia ndiye ng'ombe wao. Akiugua, mtoto hana maziwa. Siku moja wataletewa daktari, naye atahitaji kujua kiungo kipi ni kizima na kipi ni kigonjwa, na atajuaje kama hakuna aliyekaa chini kuanzia mwanzo? Hilo ndilo ninalofanya. Nimekaa chini.

Sitaandika barua ya kuacha.

Binti yako,
Kemuma


Nyaramba,
8 Julai 1973

Kemuma,

Bochaberi amerudi, mtoto ana sauti ya tarumbeta. Nilikosa mimi. Niliona bahasha nikasikia furaha, nikasahau kwamba msomaji si Bochaberi. Uzee huu!

Baba yako hali vizuri. Barua yako ameisoma mara nyingi, naiona imechakaa mikunjo. Ondieki anapita kila Sabato kumkumbusha tarehe. Mimi nimemwambia Ondieki nikiwa nimesimama mlangoni kwamba mama yake mzazi aliletwa kwa mume wangu akiwa haoni vizuri kwa maumivu, akarudi kwao akitembea mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza omobari kama mikono yake ni safi. Akasema hayo ni mambo ya giza. Nikamwambia giza lipi, ilikuwa mchana peupe.

Sasa nitakuambia kile kichwa kimoja. Bochaberi, andika, na ukiyatoa nje nitakufukuza hapa mpaka Nyamache.

Je, umewahi kumwona baba yako amekalia kiti cha kinyozi? Hujawahi. Mama yako ndiye humkata kwa mkasi, na hamalizi. Alipokuwa na miaka kumi na saba, kabla hajabatizwa, alipigwa rungu kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba. Akaumwa kichwa tangu mavuno mpaka kupanda. Mwanga ulimchoma. Alikuwa akiniomba nimwache afe. Babu yako alikataa kwanza, kwa sababu omobari hapendi kumgusa wa damu yake. Kisha akachukua kisu. Mimi nilimshika. Mwanangu mwenyewe kati ya magoti yangu, nilihesabu kila mkwaruzo. Akapona, akaenda shule ya misheni, akaambiwa kazi ya baba yake ni ya kishenzi, akafuga nywele. Hajataja siku hiyo tangu wakati huo, wala mimi sijamkumbusha.

Nimekupa. Ukitaka kumpiga nayo, mpige.

Nyamoita


Nairobi,
Jumapili, 29 Julai 1973

Mpendwa Tata,

Zimebaki wiki tatu. Hii ndiyo barua yangu ya mwisho kabla ya mkutano, naomba isomwe na wewe tu.

Jumamosi ya tarehe 21 mtu wa machinjio alipiga simu bwenini. Alisema amechinjwa jike, na ndani mna kitu kidogo sana, hakizidi kidole changu. Kupitia barua ya Nyanya umeshajua kile nilichokuwa nakosa: yule mdogo kabisa wa kunionyesha bandama inapoanza. Ndiye huyo. Miezi saba nimemsubiri.

Daktari anayenisimamia akaja mwenyewe na gari. Nikamwambia leo ni Sabato. Akasema atanisubiri nibadilishe nguo. Nikamwambia leo ni Sabato. Akaniuliza kama najua jua la leo litamfanya nini huyo mdogo mpaka jioni. Najua kuliko yeye. Nikamwambia mara ya tatu, akapiga mlango wa gari akaenda zake, na hakupita machinjioni kwa sababu alisema kazi ni yangu. Jua lilipozama nilikimbia. Alikuwa ameshaharibika. Nilikaa chini pale pale nikalia mbele ya wachinjaji.

Sasa chuoni wanasema mimi ni mjinga wa dini, na nyumbani mnasema mimi ni najisi. Haya, semeni wote! Sitavunja Sabato kwa ajili ya ngamia, wala sitamwacha ngamia kwa ajili ya Ondieki. Mkifuta jina langu, Sabato inayofuata nitakuja kukaa kwenye benchi la mbele, na atakayenitoa anibebe.

Kuna jambo Nyanya ameniambia. Lingeweza kunisaidia siku ya mkutano. Sitaliandika hapa na sitamwambia mtu, kwa sababu ni lako.

Binti yako,
Kemuma


Nyaramba,
Jumatatu, 20 Agosti 1973

Kwa binti yangu Kemuma,

Salamu katika jina la Bwana.

Nakuandikia yaliyotokea jana, kwa mpangilio, kama karani.

Asubuhi nilitoka nyumbani mapema nikaenda kwa Nyasani, kinyozi wa soko la Nyaramba. Aliniona akadhani nimeleta mtu. Nikakaa kwenye kiti. Nikamwambia anyoe zote. Alipofika pale mahali mkono wake ukasimama, nikamwambia endelea. Watu walijaa mlangoni. Nikatembea mpaka kanisani bila kofia, jua likinipiga kwenye ngozi ambayo haijalijua kwa miaka arobaini.

Mama yako aliponiona alilia, kisha akaja kukaa upande wa wanaume, karibu nami. Hajawahi kufanya hivyo.

Ondieki alisoma shtaka. Mchungaji akaniambia nifungue daftari. Nikalifungua, nikaweka kalamu juu yake, nikasimama. Niliwaambia hivi: "Hapa kwenye kichwa changu kuna shimo linaloingia kidole. Lilifunguliwa na baba yangu, ambaye hakubatizwa, kwa kisu, mchana. Mama yangu alinishika. Nimewahubiria miaka ishirini na sita kwa kichwa hiki na mkasema Amina. Kama mikono ya kupasua ndiyo inayofutwa, anzeni na kilichopasuliwa. Jina langu liko ukurasa wa kwanza."

Nikawaambia na habari ya tarehe 21 Julai, kwamba binti yangu alimwacha aoze yule aliyemsubiri miezi saba, kwa sababu ya siku ambayo baadhi yao huuza ndizi kwa mlango wa nyuma. Hapo kukawa na kelele.

Kisha nikasema mimi sifuti. Anayetaka kufuta aje achukue kalamu. Ondieki alisimama, akafika mpaka mezani. Persis mkewe akamwita kwa jina, mara moja tu. Akarudi kukaa. Kalamu ilikaa pale mpaka mchungaji akafunga kwa sala.

Jina lako lipo.

Usidhani nimebadilika. Ngamia ni najisi. Mpaka jioni. Nimeusoma mstari huo kwa kidole, na umeandikwa kama ulivyosema. Uongo ule bado unaniuma, na ukija Desemba tutazungumza. Uje na koti lililofuliwa.

Ni mimi baba yako,
Manasseh Ombui

N.B. Mama yangu anauliza, siulizi mimi, kama amepatikana mdogo mwingine. Anasema ameomba. Jibu kwa jina lake, na uandike yote kama ulivyozoea kumwandikia. Bochaberi ana kazi nyingi na mtoto. Nitamsomea mimi mwenyewe, mlango tutaufunga.